Habari za Wodi Yetu Tangu Mwaka wa Korona

 

Mhariri wetu aliniomba mara tatu niandike habari za hospitali ninamofanya kazi, na mara tatu nilimkimbia kwa udhuru. Safari hii hakunipa nafasi. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema haondoki mpaka nimwahidi. Basi haya ndiyo niliyomwahidi. Jina la hospitali silitaji, wala majina ya wenzangu na ya wagonjwa, kwa kuwa kazi yetu ni amana. Wenyeji wa mji wetu mnaijua, na wengi wenu mmezaa watoto wenu humo.

WODI YETU NA WATU WAKE

Mimi ni nesi katika idara ya tiba, yaani upande wa maradhi yasiyotaka kisu: pumu, moyo, sukari, figo na homa za kifua. Wenzetu wa upasuaji wako ghorofa ya juu na hujiona mabwana kidogo, lakini mgonjwa wao akibanwa na kifua usiku wa manane hutuita sisi. Wodi yetu ina vitanda 28, nami nimo humo tangu mwaka 1998.

Naanza na habari za wafanyakazi, maana ndizo ninazoulizwa katika kila harusi.

Sista mkuu wetu, yule mama wa Ireland ambaye wengi mnamkumbuka kwa sauti yake, alistaafu Machi 2024 baada ya kazi ya miaka 38. Tulimfanyia karamu katika chumba cha chai. Manesi wa Kerala walileta biriani, Wafilipino wakaleta tambi zao, nami nikapeleka sambusa na katlesi. Yeye aliyekuwa hatuachi tukae hata dakika mbili, siku ile alikaa saa nzima na akalia. Nafasi yake ameshika mmoja wa wale manesi wa Kerala, mtu mpole wa maneno lakini hapitwi na kitu.

Ndugu yetu wa Mombasa anayesukuma vitanda, ambaye hawezi kumpita mgonjwa wa pwani bila kumwuliza "kwenu wapi?", amepandishwa cheo na sasa ni msimamizi wa wenzake. Cheo hakikumbadilisha. Bado anauliza.

Binti yetu mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, alimaliza masomo ya unesi mwaka 2023 na amepangiwa wodi yetu. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake, na ndicho kinachotufaa, kwa sababu wazee wetu wakiugua hawataki Kiswahili cha redioni.

Yule daktari kijana aliyekuwa nasi mwaka 2020, msichana mwembamba asiyekula mchana, amefaulu mitihani yake na anasomea ubingwa wa mapafu katika mji mwingine. Nitamtaja tena hapa chini.

Na mmoja hatunaye. Mama aliyekuwa akisafisha wodi yetu kwa miaka 14, Mreno, aliugua mwanzoni mwa Aprili 2020 na hakurudi. Kikombe chake bado kinaning'inia katika chumba cha chai. Wafanyakazi wapya huambiwa siku ya kwanza kwamba hicho hakinywewi.

MWAKA WENYEWE

Mnakumbuka namna mambo yalivyokwenda. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema maradhi haya sasa ni janga la dunia nzima. Machi 23 usiku Waziri Mkuu Boris Johnson akatangaza watu wakae majumbani. Katika siku hizo kumi na mbili wodi yetu ilibadilika mpaka sisi wenyewe tukipotea njia. Milango ikabandikwa alama nyekundu. Vitanda vikapunguzwa ili viachane. Manesi wa kliniki ya macho na wa mifupa wakaletwa kwetu kusaidia, wengine hawajagusa mtungi wa oksijeni tangu walipokuwa wanafunzi. Walikuja wakitetemeka, na walikuja.

Tulivaa barakoa za kubana zinazoacha alama usoni, kioo cha macho, aproni na glavu. Mgonjwa alikuwa haoni ila macho yetu. Tukaandika majina yetu kwa kalamu nene vifuani, na mimi chini ya jina langu niliandika "Zanzibar", ili mzee wa kwetu akiletwa ajue pa kuanzia.

Habari zilizotutisha zaidi zilikuwa za wenzetu. Miongoni mwa madaktari wa mwanzo waliofariki nchi hii walikuwamo Adil El Tayar na Amged El-Hawrani, wote wawili wenye asili ya Sudan, Habib Zaidi wa Pakistan na Alfa Sa'adu wa Nigeria. Tulisoma majina yale katika simu zetu wakati wa chai na kila mmoja akatazama ngozi yake. Hatukuwa na haja ya kuelezwa na takwimu kwamba maradhi yanawala zaidi watu weusi na watu wa Asia, ingawa takwimu nazo zilikuja baadaye na kusema hivyo hivyo.

Dawa tulikuwa hatuna. Mpaka Juni 16, 2020, pale watafiti wa Oxford walipotangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio katika mashine ya kupumulia, na kwa moja katika tano kwa wanaopewa oksijeni, tulichokuwa nacho ni oksijeni, kugeuza wagonjwa walale kifudifudi, maji na kuwashika mkono. Kulala kifudifudi si jambo dogo. Mapafu yana sehemu kubwa upande wa mgongoni, na mtu akilala chali sehemu hiyo hubanwa. Tuliwageuza wazee wa miaka 70 kama watoto wachanga, na tuliona oksijeni yao ikipanda mbele ya macho yetu.

Jamaa walikatazwa kuja. Hili najua lingali linawauma wengi wenu, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Nimesikia likisemwa katika hitima na katika arusi: "Tulimpeleka mlangoni akienda kwa miguu yake, hatukumwona tena. Nani ajuaye walimfanya nini humo ndani?" Mimi nilikuwa humo ndani. Nitakuelezeni habari ya mzee mmoja. Watoto wake wamenipa ruhusa.

MZEE WETU

Alikuwa baharia zamani, na wengi wetu tulikuwa tukimwita Babu ingawa si damu yetu. Aliletwa katika wiki ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka ule, 2020. Kiingereza alikijua vizuri, amekisema kwa miaka hamsini, lakini homa ilikiondoa chote. Akabaki na Kiswahili chake cha Ng'ambo na kidogo cha Kiarabu cha sala.

Alhamisi, Aprili 30, niliingia zamu saa moja u nusu ya usiku. Saa mbili, watu nje wakaanza kupiga makofi na kugonga masufuria kutushukuru, kama walivyokuwa wakifanya kila Alhamisi. Sisi ndani tulikuwa tukibadilisha mitungi. Nusu saa baadaye ulikuwa wakati wa futari. Nesi mmoja wa Kifilipino alikuwa ameniwekea tende tatu katika kisahani na kuniandikia jina langu juu ya karatasi. Kabla sijazifikia nilipita kwa Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Pumzi hainifiki."

Nikatazama kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Kilisema 94. Kwa wagonjwa kama yeye tulikuwa tukitaka kati ya 92 na 96. Nikamshika bega nikamwambia, "Babu, mashine inasema hujambo. Ni uchovu tu." Akanitazama, hakujibu. Nikaandika 94 katika karatasi yake. Mahali pa kuandika idadi ya pumzi kwa dakika niliandika 20, kwa kukisia, maana nilikuwa na wagonjwa tisa na tende zangu zikinisubiri. Kisha nikampigia simu binti yake mkubwa nikamwambia, "Dada, baba hajambo, oksijeni yake nzuri, nendeni mkalale." Wakashukuru, wakalala.

Saa nne u nusu alipita yule daktari kijana. Hakutazama kibano kwanza. Alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, akatazama shingo ya Babu namna inavyovuta, akatoa saa yake akahesabu pumzi dakika nzima. Zikawa 34. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 mpaka 20. Akachukua damu katika mshipa wa ateri penye kifundo cha mkono, akaipeleka mwenyewe katika mashine. Kibano kilikuwa kingali kinasema 93. Damu yenyewe ilisema 85.

Hapo mambo yakaenda mbio. Oksijeni ikaongezwa mpaka lita 15 kwa dakika, akageuzwa kifudifudi, na kabla ya daku alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nilikwenda naye mpaka mlangoni nikishika mtungi. Akaniambia maneno mawili matatu ya wasia juu ya watoto wake, nami nimewafikishia, si ya kitabuni.

Alikaa humo siku 11. Kila nikitoka zamu asubuhi nilipita nikasimama nje ya kioo. Manesi wa huko walimsukutua kinywa, walimkata kucha, walimgeuza mara mbili kwa siku, watu sita kwa mpigo, na mmoja wao, Mwingereza kabisa, alijifunza kumwambia "pole Babu" kwa sababu nilimwandikia katika karatasi. Walimwekea tableti sikioni na binti yake aliye Maskati akamsomea Yasini mpaka mwisho. Nesi alishika tableti ile kwa mikono miwili muda wote, hakuitua. Alifariki katika kumi la pili la Ramadhani. Vijana wanne wa msikitini walimwosha wakiwa wamevaa nguo za kujikinga kama zetu, na waliomsindikiza walikuwa wachache hata tukawahesabu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hayo ndiyo waliyomfanyia humo ndani. Lakini yako na yale yangu.

DENI

Kwa miezi saba nilijiambia kwamba kibano kilikosea tu, kama saa inavyokosea. Kisha Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, wakachapisha uchunguzi wao. Walilinganisha kile kinachosemwa na kibano na kile kinachosemwa na damu ya ateri. Pale kibano kilipoonyesha 92 mpaka 96, katika kila vipimo 100 vya wagonjwa weusi karibu 12 vilikuwa na oksijeni ya chini ya 88 katika damu. Kwa weupe vilikuwa karibu 4. Sababu yake si ya kichawi. Kibano hupitisha mwanga katika kidole na kupima unaotokea, na weusi wa ngozi nao hunywa sehemu ya mwanga huo, basi kifaa hubabaika na kutaja tarakimu ya juu kuliko ukweli.

Daktari bingwa wetu alitusomea karatasi ile katika mkutano wa asubuhi. Wengine waliandika. Mimi nilitoka nikakaa katika chumba cha nguo.

Januari 2021 nikampigia simu yule binti yake mkubwa, nikamweleza yote: maneno aliyoyasema baba yake, jibu nililompa, na pumzi nilizoandika bila ya kuhesabu. Nikamwambia pia aliyonijibu daktari nilipomwuliza kama zile saa mbili zingemwokoa, kwamba hapana mtu awezaye kujua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Alisema vipi hasa?" Nikamwambia: "Pumzi hainifiki." Akasema, "Ndivyo anavyosema baba." Nikamsikia analia. Mwishoni akasema, "Mimi nimekusamehe, dada. Lakini usikae nalo peke yako. Waambie watu, wengine wajue."

Ndiyo hivi nawaambieni.

MAMA WA KONGO

Wiki chache kabla ya simu ile kuisha kunikaa moyoni, yaani mwezi ule ule wa Januari 2021, wodi ilifurika kupita mwaka uliotangulia. Aprili 2020 wagonjwa wa Korona katika hospitali zote za Uingereza walipofika wengi kabisa walikuwa kiasi cha 21,000. Januari 18, 2021 walikuwa zaidi ya 39,000. Usiku mmoja nikaitwa wodi ya jirani nikafasiri kwa mama mmoja wa Bukavu. Kiswahili chake si chetu na mwanzo tulicheka wote wawili, yeye nyuma ya barakoa ya oksijeni. Kisha akasema, "Niko nakosa pumuzi."

Kibano kilisema 95. Nikatoa saa yangu. Nikahesabu dakika nzima, ikawa 30. Nikamwita daktari wa zamu nikamwambia, huyu mama anasema hapati pumzi, na mimi namwamini yeye kuliko hicho kidude. Daktari hakubisha. Damu ikachukuliwa, ikawa chini sana ya 95, na usiku ule ule akawekewa ile barakoa ya kubana inayosukuma hewa mapafuni. Wiki tatu baadaye aliondoka kwa miguu yake. Hakukumbuka jina langu. Alikumbuka kwamba nilikuwa "ule mama wa Zanzibar".

HALI ILIVYO SASA

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ile hali ya dharura imekwisha. Korona yenyewe haikuondoka. Kila kipupwe hutuletea wachache, wengi wao wazee. Chanjo ilianza Desemba 8, 2020, pale Bi. Margaret Keenan, mwenye miaka 90, alipodungwa sindano ya kwanza huko Coventry. Wazee wetu wengi walikuja kuchanjwa baada ya watoto wao kuwapeleka kwa kuwabembeleza, na mimi ni mmoja wa waliobembeleza. Desemba 15, 2022 manesi wa England waligoma, na wengine kati yenu mlituletea chai ya moto pale getini. Hatujasahau.

Juu ya vile vibano, kamati iliyoongozwa na Profesa Margaret Whitehead ilitoa ripoti yake Machi 2024 na kukiri kwamba vifaa hivi vinaweza kuwadanganya watu wenye ngozi nyeusi, na kutaka vitengenezwe na kutumiwa kwa hadhari. Mimi sasa siku mbili kwa wiki nafundisha manesi wapya. Somo langu la kwanza ni saa na dakika moja nzima.

NASAHA KWA JAMAA

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kweli, uji mpe tu. Lakini pumzi mwulize, na akikujibu mwamini. Nakuombeni mshike haya machache.

Ukiwa na kibano nyumbani, usikitupe. Mpime mtu akiwa mzima ujue kawaida yake ni ngapi, kisha tazama kama inashuka. Tarakimu moja peke yake isikutulize.

Mhesabu mgonjwa pumzi dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia na hajui kama unamhesabu. Zikifika 25 au zaidi, au akishindwa kumaliza sentensi moja, au midomo ikibadilika rangi, piga 999. Kwa ngozi zetu, tazama ndani ya mdomo na ulimi.

Mzee akilazwa, mwambie nesi lugha yake ni Kiswahili hata kama anajua Kiingereza. Maradhi yanaweza kukiondoa. Mkalimani ni haki yake na halipiwi, na mtoto wa miaka kumi asifanywe mkalimani.

Na nesi akikwambia kwa simu "hajambo", mwulize: "Yeye mwenyewe anasemaje?" Hatutakasirika. Laiti ningeulizwa hivyo usiku ule, ningerudi kitandani kumsikiliza tena.

 Chai ya mhariri ilikwisha zamani. Wenzangu wote wa wodi wanakusalimuni, na ndugu yetu wa Mombasa anauliza kwenu wapi.

Wabillahi tawfiq.